Mziwaziwa unaotambaa: jinsi ya kuutambua hatua kwa hatua

Mvua za vuli zikishika hapa Mwanza, maswali huwa yale yale. Mtu wa Buhongwa anatuma picha ya kimmea kilicholala kwenye nyufa za pevingi. Mwingine wa Luchelele anatuma picha ya kitu kilichojitandaza kwenye tuta la mchicha. Wa tatu ameshaambiwa na jirani kwamba hiyo ni dawa ya pumu, anataka tu kujua achemshe majani mangapi. Karibu picha zote zimepigwa mtu akiwa amesimama wima, na ukiitazama kutoka juu namna hiyo, mimea hii yote ni mmoja.

Kwa hiyo kaa chini, chuchumaa, tuanze. Wengi huita mziwaziwa mmea wowote mdogo unaotoa maziwa ukikatwa. Hapa nazungumzia kundi la magugu mafupi ya jenasi Euphorbia, hasa yale yanayolala ardhini. Ukimaliza hatua hizi utaweza kusema ulichonacho ni spishi gani, na siyo kukisia.

Shika jambo moja kabla ya yote: utomvu unakupa jenasi, tunda linakupa spishi. Wanaokosea wengi huanza na rangi ya jani na kuishia hapo hapo.

Vitu vya kuandaa

- Kioo cha kukuzia cha mara 10. Kile kidogo anachotumia fundi saa kinafaa kabisa. Bila kioo utafika nusu ya njia tu, usijidanganye.
- Rula yenye milimita.
- Sindano au pini.
- Karatasi nyeupe.
- Glovu nyepesi, maji safi na sabuni.
- Simu yenye kamera.
- Magazeti ya zamani, ubao au vitabu vizito vya kukandamizia.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ukilowa, penseli haiyeyuki.

Tahadhari ya utomvu

Aliyekulia Usukumani kwenye boma lenye uzio wa minyaa hahitaji kuhubiriwa: maziwa yake yakiingia jichoni hulali. Mnyaa ni Euphorbia tirucalli, na mziwaziwa ni ndugu yake wa jenasi moja. Utomvu wa huyu mdogo ni kidogo, lakini nao huwasha ngozi laini na kuchoma macho. Usijipanguse uso ukiwa kazini. Yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 hivi, halafu nenda kituo cha afya. Watoto wakitaka kusaidia, wape kazi ya kushika rula.

Hatua ya 1: Chagua mmea na saa

Nenda asubuhi, ikiwezekana siku moja au mbili baada ya mvua. Wakati huo mmea umejaa maji na utomvu unatoka vizuri. Jua la saa nane likishaupiga, unaweza kukata mara tatu usione kitu.

Tafuta sehemu zilizokanyagwa na zisizo na kivuli: nyufa za saruji, kingo za barabara, changarawe kando ya reli, uwanja wa shule, mchanga mkavu juu kidogo ya mwalo, vitalu vya miche. Spishi nyingi za kundi hili zina namna ya kutengeneza chakula inayofanana na ile ya mahindi na mtama, ndiyo maana zinastawi penye joto kali ambapo majani mengine yanasinyaa.

Chagua mmea mkubwa wenye matunda. Kichipukizi kizuri cha wiki mbili kitakupotezea muda, kwa sababu sehemu inayotoa jina haijatokea bado.

Hatua ya 2: Utazame kabla ya kuung'oa

Matawi yanaanzia wapi? Kwenye mziwaziwa wa kweli unaotambaa, matawi yote hutoka sehemu moja katikati, juu tu ya mzizi mkuu, kisha yanasambaa kila upande. Sababu yake inapendeza: mche ukiota, ncha ya shina kuu huacha kukua mara tu baada ya yale majani mawili ya kwanza ya mbegu. Kazi yote ya kukua huchukuliwa na matawi ya pembeni. Mmea unajikata kichwa wenyewe, kisha unaenda upana.

Sasa inua tawi moja taratibu. Je, limeota vijizizi kwenye vifundo, au limelala tu juu ya udongo? Andika jibu. Litakusaidia kwenye hatua ya 8, na ukishang'oa kwa nguvu ushahidi huo umepotea.

Pima pia urefu wa tawi. Euphorbia prostrata kwa kawaida haizidi sentimita 20 hivi. Ukikuta kitu kinainuka ncha na kufika sentimita 30 au zaidi, huenda ni Euphorbia hirta, ambayo huanza kwa kulala kisha hujiinua.

Hatua ya 3: Jaribu utomvu

Vaa glovu, kata ncha changa ya tawi, subiri kidogo. Tone jeupe kama halitokei, jaribu tawi jingine kabla ya kuhukumu. Usitumie tawi la chini lililozeeka.

Kama baada ya matawi matatu mabichi unaona maji tu, basi umeshika kitu kingine. Wanaochanganywa zaidi ni hawa:

Portulaca oleracea, ile ambayo Pwani huliwa kama mboga kwa jina la tako la hasani, ina majani manene yenye maji, laini, na maua ya njano yenye petali za kuonekana. Huyu ndiye anayeleta balaa, kwa sababu kuna wanaotaka kuchuma mboga wakachuma gugu. Boerhavia diffusa nayo inatambaa na ina majani yanayoelekeana, lakini jani moja katika kila jozi ni kubwa kuliko mwenzake, na matunda yake hunata kwenye suruali. Phyllanthus amarus husimama, na matunda yake huning'inia kwa mstari chini ya vitawi. Mbigili utamjua kwa miguu yako kabla ya macho.

Angalia: utomvu mweupe peke yake hautoshi. Mchunga nao unatoa maziwa, na haumo kabisa kwenye ukoo huu. Ni ndugu wa alizeti. Ukiona majani marefu yaliyokusanyika chini na shina linalopanda na maua ya njano, acha, hatua zilizobaki hazikuhusu.

Hatua ya 4: Jani

Chuma jani moja kutoka katikati ya tawi, liweke kwenye karatasi nyeupe.

Kwanza, mpangilio. Majani yanapaswa kuelekeana mawili mawili kwenye kila kifundo, kuanzia chini hadi juu. Euphorbia heterophylla, lile gugu refu lenye maziwa linalosumbua mashamba ya mahindi, majani yake ya chini yanapishana. Hilo si mtambaazi.

Pili, kitako cha jani. Tazama pale jani linaposhika kikonyo: upande mmoja umeshuka chini kuliko mwenzake. Jani limepinda kitako. Hii ni alama ya kundi zima na huonekana hata bila kioo ukishazoea.

Tatu, ukubwa. Jani la E. prostrata ni la milimita 3 hadi 8 au zaidi kidogo. La E. hirta hufika sentimita 4. Hapa tu umeshawatenganisha wawili wanaopatikana zaidi kwenye viwanja vyetu.

Nne, pindo. Pitisha kioo pembeni mwa jani uone kama kuna meno madogo au pindo ni laini moja kwa moja. Kwenye E. prostrata meno ni hafifu na yako zaidi kuelekea ncha.

Sasa lile doa jekundu au la zambarau katikati ya jani. Programu za simu za kutambua mimea zikiliona hukimbilia jina Euphorbia maculata. Ni kweli spishi hiyo ina doa. Lakini E. hirta nayo mara nyingi ina doa, na E. prostrata ikikaa kwenye jua kali na udongo duni huwa nyekundu mmea mzima. Doa liandike kwenye daftari, ila usilipe kura.

Hatua ya 5: Nywele za shina

Elekeza shina kwenye mwanga, litazame kwa kioo kutoka ubavuni. Kuna majibu matatu.

Nywele ndefu zilizosimama, zenye rangi ya njano njano, zimechanganyika na fupi: hiyo ni E. hirta, karibu unaweza kuacha kusoma. Nywele fupi: endelea. Hakuna nywele kabisa: endelea pia, na uandike hivyo kwa herufi kubwa maana ni habari muhimu.

Futa vumbi kwanza. Vumbi la barabara ya Igoma likiganda kwenye shina huonekana kama nywele.

Hatua ya 6: Ua ambalo si ua

Hapa ndipo wanafunzi wa sekondari wanapokwama, kwa kuwa wanatafuta petali na sepali kama walivyochora kwenye daftari. Hazipo. Kinachoonekana kama kiua kimoja ni kikombe kidogo chenye maua mengi ndani yake. Kila ua dume limebaki stameni moja tu. Katikati kuna ua jike moja, nalo limebaki ovari juu ya kikonyo. Pembeni mwa kikombe kuna tezi nne, na kila tezi inaweza kuwa na kipindo cheupe au cha waridi kinachojifanya petali. Sisimizi utakaowakuta hapo wamefuata utamu wa tezi hizo.

Tumia pini kukifungua kikombe juu ya karatasi nyeupe. Kina upana wa kama milimita moja, kwa hiyo shikilia pumzi.

Unachotakiwa kuandika ni kimoja tu: vikombe vimekaaje? Kama vimejikusanya kwenye kifungu kinene cha mviringo kwenye kwapa la jani, kifungu cha kuonekana ukiwa umesimama, ni E. hirta. Kama viko kimoja kimoja au vichache kwenye vitawi vifupi, uko kwa watambaazi wenyewe.

Hatua ya 7: Tunda

Hatua zote zilizopita zilikuwa njia ya kufika hapa. Usiiharakishe.

Tafuta tunda lililokomaa ila bado la kijani. Lina mafundo matatu yaliyokaa kama mafiga, na urefu wake ni milimita moja na nusu hivi. Lishike kwa ncha ya pini, lizungushe polepole chini ya kioo, na ujibu maswali mawili.

La kwanza: nywele ziko wapi? Kila fundo lina ukingo unaoshuka kutoka juu hadi chini. Kwenye E. prostrata nywele zimejipanga juu ya kingo hizo tatu tu, na bonde kati yao ni tupu. Kwenye E. maculata na E. thymifolia nywele zimetapakaa tunda zima. Kwenye spishi nyingine tunda ni kipara kabisa.

La pili: tunda limetoka nje ya kikombe au limebanwa? Kwenye E. prostrata kikonyo cha tunda hurefuka, tunda linatoka lote na kuinama pembeni. Kwenye E. thymifolia kikonyo ni kifupi. Tunda hubaki limebanwa na mara nyingi hukipasua kikombe ubavu mmoja.

Angalia: kosa kubwa ni kutazama tunda moja na kutoa hukumu. Tunda changa sana nywele zake zimesongamana, ukingo na bonde havijatengana, kwa hiyo E. prostrata changa huonekana ina nywele kote. Tazama matunda matano kutoka matawi tofauti. Kosa la pili ni kulitazama kutoka juu tu. Nywele za ukingoni huonekana vizuri tunda likiwa limelala ubavu na mwanga unatoka nyuma yake.

Mbegu zitazame kama una subira. Weka matunda yaliyokomaa ndani ya bahasha ya karatasi iliyofungwa, yaache yakauke. Yatapasuka na kurusha mbegu, moja kutoka kila fundo. Mbegu ya E. prostrata ina pembe nne na mikunjo iliyokatiza waziwazi. Ukiziacha kwenye sahani wazi utaziokota sebule nzima.

Hatua ya 8: Toa jina

Chukua daftari lako, fuata mstari unaokubaliana na ulichoandika.

1. Nywele ndefu za njano kwenye shina, jani kubwa kupita sentimita moja, vifungu vya mviringo kwenye makwapa: Euphorbia hirta. Jina hili lilitolewa na Linnaeus mwaka 1753.
2. Mmea umelala, majani madogo, nywele za tunda kwenye kingo tatu tu, tunda limetoka nje: Euphorbia prostrata, iliyopewa jina na Aiton mwaka 1789.
3. Umelala, nywele tunda zima, tunda limebanwa kwenye kikombe: Euphorbia thymifolia.
4. Umelala, nywele tunda zima, tunda limetoka nje, doa kwenye jani: hapo ndipo uifikirie Euphorbia maculata, na upeleke sampuli kwa mtaalamu kabla ya kuitangaza.
5. Hakuna nywele popote, pindo la jani ni laini, vifundo vinaota mizizi: Euphorbia serpens.
6. Hakuna nywele popote, pindo lina meno madogo, vifundo havioti mizizi: Euphorbia inaequilatera.

Huyo wa sita ndiye mwenyeji wa Afrika katika orodha hii. Wale watano asili yao ni mabara ya Amerika. Walikuja kama walivyokuja mihogo na mahindi, ila wao hawakualikwa.

Mmea ukikataa mistari yote sita, usiulazimishe. Jenasi Euphorbia ina spishi zipatazo 2,000, na orodha yangu ni ya wale unaoweza kuwakanyaga ukienda dukani.

Hatua ya 9: Hifadhi sampuli

Ng'oa mmea mzima na mzizi wake, suuza udongo, utandaze kwenye gazeti ukigeuza majani machache ili upande wa chini uonekane. Kandamiza kwa vitabu. Badilisha gazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo, la sivyo unyevu wa hapa ziwani utaleta ukungu. Lebo iwe na tarehe, mahali palipo wazi (mtaa, kata, aina ya udongo), rangi ya ua na ya shina ukiwa mbichi, na jina lako. Rangi hupotea ukikauka, ndiyo maana inaandikwa. Sampuli yenye utata inaweza kupelekwa kwenye hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ile ya taifa iliyoko Arusha. Bila lebo ni majani makavu tu, hakuna atakayejisumbua nayo.

Ukikwama

*Utomvu hautoki na nina uhakika ni mziwaziwa.* Mmea una kiu. Mwagilia jioni, rudi alfajiri.

*Hauna matunda.* Uache. Weka kijiti cha alama na uwaambie wanaofagia uwanja wasiuguse. Mimea hii hukimbilia kuzaa, hutasubiri sana.

*Picha inatoka na ukungu.* Simu nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho karibu hivyo. Gusanisha kioo cha kukuzia na lenzi ya kamera, kisha sogeza mmea, siyo simu. Piga picha nne: mmea mzima, jani na kitako chake, shina kutoka ubavuni, na tunda kutoka ubavuni. Pamoja na rula. Ukinitumia ya kutoka juu peke yake nitakurudisha hatua ya 2.

*Mimea miwili jirani ina alama tofauti.* Kuna uwezekano mkubwa ni spishi mbili. Nyufa za pevingi hubeba E. hirta na E. prostrata bega kwa bega, na matawi yao hupitana. Fuata tawi mpaka kwenye mzizi wake kabla ya kuchukua kipimo chochote.

*Programu ya simu imesema jina tofauti na langu.* Iulize imeona nywele za tunda wapi.

*Je, ni dawa ya pumu?* E. hirta imetumiwa kwenye tiba za asili za kifua katika nchi nyingi, hilo ni kweli. Lakini swali la kipimo silijibu, na kutambua jina la mmea hakukufanyi uwe mganga wala daktari. Mwenye pumu aende hospitali. Na kama ulichochuma ni kitu kingine chenye maziwa, utakuwa umechemsha shida.

*Nimeshautambua, sasa nautoaje uani?* Ng'oa udongo ukiwa na unyevu, ukishika pale katikati matawi yanapokutana, mzizi utoke wote. Ukikatika juu tu, mmea huchipua tena. Fanya hivyo kabla matunda hayajakauka. Yakishakauka usiukung'ute, na usiutupe kwenye shimo la mboji: weka ndoo chini yake, utie ndani, uanike kwenye ndoo hiyo hiyo ukiwa umeifunika kwa kitambaa, kisha uchome. Kwenye pevingi, jaza nyufa kwa mchanga na saruji kabla ya mvua za masika, maana mbegu zilizokwisha kuruka ziko humo tayari.